Chombo Kilichokwama Bila Mimi

Nilipokuwa mtoto wa miezi minane nilitenda kosa ambalo wengine hawajanisamehe mpaka leo: niliota meno ya juu kabla ya meno ya chini. Kwetu Mafia mtoto wa namna hiyo anaitwa kigego, na kigego ni mkosi unaotembea. Zamani, wazee walisimulia bila hata kushusha sauti, kigego alipelekwa porini akaachwa huko. Mimi nilizaliwa zama za huruma. Niliachwa niishi, ila nisishike kitoto kichanga, nisitupe mbegu ya kwanza shambani, na zaidi ya yote nisipande chombo cha baharini. Sasa fikiri mwenyewe, umezaliwa kisiwani na chombo hupandi.

Nina miaka sabini na ushei. Meno yenyewe, ya juu na ya chini, yamekwisha zamani. Haya ninayotafunia nimetengenezewa na daktari wa Stratford Road, na nikilala nayo yanalala kwenye kikombe chake. Nilidhani mambo ya kigego yamekwenda pamoja na meno. Kumbe.

Mjukuu wangu Salma, aliyezaliwa hapa hapa Birmingham, ana mtoto wa kike wa miezi tisa anayeitwa Amina. Mwezi uliopita Amina alicheka jikoni kwangu Sparkbrook nikayaona: mawili, juu, kama punje za mchele. Chini ufizi mtupu. Nikaendelea kumenya vitunguu. Nesi wa kliniki naye aliyaona, akasema "lovely", akaandika kwenye kile kitabu chao chekundu, akaita mtoto mwingine. Nilimpenda sana nesi yule.

Salma amepanga twende nyumbani, mimi, yeye, mumewe na Amina. Akaja na simu yake mkononi, uso umemeremeta.

"Nimebuku boti, Bibi. Siku nzima, visiwa vyote. Private, sisi peke yetu."

Nikavaa miwani nikatazama. Mashua. Mashua ile ile ya kwetu, ya mbao, yenye tanga, ila wameitandikia mito na kuifunika turubai jeupe. Inazunguka visiwa, watu wanaogelea, na mchana, Salma alinisomea kwa furaha, wageni wanashushwa kwenye fungu la mchanga katikati ya bahari, wanatandikiwa jamvi, wanakula. Hapo nilicheka mpaka Salma akaniuliza kama niko sawa. Kwa nini nilicheka mtaona mbele.

Halafu akapiga simu Mwanaidi. Mwanaidi ni mdogo wangu, bado yuko Mafia, na Salma alikuwa amemtumia picha ya mtoto anacheka.

"Dada, meno ya huyu mtoto umeyaona?"

"Nimeyaona."

"Na chombo mmeshakodi."

"Tumeshakodi."

"Basi siku hiyo niachieni mtoto, nitakaa naye pwani. Ninyi nendeni mkatembee. Sisemi zaidi."

Alikuwa amekwisha sema. Simu ilikuwa kwenye spika na Salma alisikia yote. Akaniuliza, nikamweleza kigego ni nini. Akatikisa kichwa. "Mimi siamini hayo, Bibi," akasema. Kisha akamtazama mtoto. "Lakini pengine tumwache tu na Bibi Mwanaidi. Just in case."

Hiyo "lakini" ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Mtu asiyeamini anamwacha mtoto wake pwani. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba tu, sina maneno ya kitabuni, lakini pwani nimeachwa, na habari zake nazijua.

Nilikuwa na miaka tisa. Zilikuwa siku za mwisho za Shaabani, na kina mama wa mtaani kwetu walikuwa wakijiandaa kuvunja jungu, ule ulaji wa mwisho kabla ya kufunga Ramadhani. Kila mwaka walivunja jungu uani kwa mtu. Mwaka ule wakasema hapana, uani tumechoka. Wakaikodi mashua ya Nahodha Bakari iwapeleke kisiwa cha Kasa, wapike huko, wale huko, warudi jioni. Wao wenyewe tu, bila waume, bila mtu wa kuwaita kutoka ndani. Wiki nzima hapakuzungumzwa kitu kingine. Pilau ilikuwa ya mama yangu, maana mkono wake katika pilau hata waliomchukia waliukubali.

Hakuna aliyeniambia nakwenda, hakuna aliyeniambia sendi. Nilifua gauni langu mwenyewe nikalianika.

Nieleze na bahari kidogo, maana bila hiyo hamtaelewa. Mwezi ukiandama au ukielekea kwisha, maji yetu huwa ya bamvua. Alfajiri yanajaa mpaka yanagusa minazi, kisha yanaanza kukimbia, na ikifika saa nne asubuhi pale palipokuwa bahari pamekuwa uwanja. Kina mama wanaingia kwa miguu kutafuta pweza. Kwa hiyo chombo cha kwenda Kasa siku kama ile lazima kiondoke saa moja, maji yangali yapo. Kila mtu alilijua hilo, na Nahodha Bakari kuliko wote.

Tulifika pwani mapema kabisa. Mimi nilikuwa nimebeba mbuzi ya kukunia nazi kichwani. Kigego kubeba mizigo si mwiko. Hilo nililiona tangu mdogo, kwamba miko yote iliyonihusu haikugusa kazi. Nikaingia majini mpaka mapajani, nikampa mama mbuzi yake, na alipoipokea nami nikaweka mguu wa kulia kwenye ubao. Mguu mmoja.

Bi Mkubwa alikuwa amekaa tezi, kule nyuma kwa msukani, na tasbihi yake. Huyo ni mama yake baba yangu, Shomari. Hakupaza sauti.

"Mshusheni huyo," akasema. "Akikanyaga humu leo hamfiki."

Nahodha Bakari akaninyanyua kwa makwapa kama kapu la samaki, akaniweka majini. Hapo wangeondoka. Lakini mguu ulikuwa umekwisha gusa, na Bi Mkubwa akasema chombo hakiendi hivyo hivyo, lazima kifukizwe. Nahodha akamtazama. Akayatazama maji. Akanitazama mimi. Mwanamume mzima, aliyefika Dar na kurudi kwa tanga, akasema, "Basi leteni ubani."

Nyumba yetu haikuwa karibu. Alitumwa mtu akimbie akalete chetezo. Akarudi na chetezo, ubani kasahau. Akaenda tena. Makaa yakawa yamezimika, wakachochea. Kina mama wakashushwa wote na masufuria yao, moshi ukazungushwa mara tatu, kisha pakazuka mjadala kama unafukizwa ubao niliokanyaga au chombo kizima, na kama kizima, je, na nanga? Mimi nilikuwa nimesimama pale pale niliposhushwa. Maji yaliyokuwa mapajani yakawa magotini. Yakawa kwenye miundi.

"Maji yanakwenda," nikasema.

Hakunijibu mtu. Nani apokee habari za maji kutoka kwa kigego?

Walipoondoka ilikuwa saa mbili imepita, na mabaharia wake nahodha wanasukuma kwa mabega. Mama aliinama akaniambia, "Nenda nyumbani. Nitakuletea ukoko." Ukoko wa pilau, ule wa chini ya sufuria. Mwanaidi alikuwa na miaka mitano, amepakatwa na Bi Mkubwa, mkononi ana kipande cha mkate wa kumimina. Akanipungia. Alinipungia kwa mkate ule ule.

Sikulia. Wajukuu wakisoma hadithi hii watauliza kama nililia, watataka nilie. Sikulia. Niliokota mawe nikawa nayatupa baharini moja moja, na kila jiwe nililenga tasbihi.

Bado sijaishiwa mawe nikaona mashua imesimama. Haikuwa imefika hata nusu ya njia. Tanga limejaa upepo lakini chombo hakiendi. Nikaona tanga linateremshwa. Nikaona mabaharia wanaruka, maji yanawafika kiunoni, wanasukuma. Baadaye kidogo maji yanawafika magotini. Halafu mashua ikalala ubavu juu ya fungu la mchanga kama ng'ombe aliyeshiba, na kina mama wote wakateremkia upande mmoja na masufuria yao.

Nikasubiri maji yapungue zaidi. Kisha nikafunga gauni kiunoni nikaingia.

Nilikuwa nimekatazwa chombo. Miguu hakuna aliyenikataza. Njia ya pweza niliijua: ufuate mchanga mweupe, ukwepe majani ya bahari maana ndani yake mna miiba, usisimame mahali penye tope. Kina mama wenyewe walinifundisha, wakinipeleka niwabebee kapu. Mpaka Kasa sikuwahi kufika, lakini nilijua njia inafika. Ila njia hiyo inapita kando ya fungu lile lile. Ningeweza kuzunguka mbali nisionekane. Sikuzunguka.

Waliniona kutoka mbali, na nilivyokaribia wakanigeukia mmoja mmoja. Jua lilikuwa limewachoma. Mashua imeinama upande, nao wameinama nayo, kila mtu ameshika cha kushika.

"Simama hapo hapo," Nahodha Bakari akaniambia. "Usikiguse chombo."

"Sikigusi," nikasema. "Napita."

"Unakwenda wapi?" Hiyo sauti ya Bi Mkubwa.

"Kasa."

"Na nani?"

"Na miguu yangu."

Mmoja wa kina mama akacheka, akajiziba mdomo kwa kanga. Bi Mkubwa akasema, haya, mmeona, nilisema hamfiki, mmefika? Na kweli hawakuwa wamefika. Hapo alikuwa na haki yake. Nikaendelea na safari yangu. Nilitembea polepole kidogo, nikiri, ili wanitazame vizuri.

Nyuma yangu nikasikia kitu kimeanguka majini, chubwi. Nikageuka. Mama alikuwa ameruka. Anafunga kanga yake ya pili kiunoni.

"Mke wa Shomari," Bi Mkubwa akaita, "unashuka kwenda wapi?"

Mama yangu hakuwa mtu wa kujibu wakwe. Miaka tisa sikuwahi kusikia akimjibu yule bibi zaidi ya naam. Akamaliza kufunga kanga.

"Chombo hakiendi, Mama," akasema. "Mimi nakwenda."

Mwanaidi akaanza kulia, akanyoosha mikono. Mama akamwambia akae na Bibi, mbele kuna maji marefu. Ni kweli, kulikuwa na mkondo mmoja ulionifika mimi kifuani. Mtoto wa miaka mitano ungempita kichwa. Tukaenda. Mama hakunishika mkono. Alitangulia mbele, akikanyaga, akiniambia, "Hapa, kanyaga hapa."

Kisiwa cha Kasa chenyewe hakina kitu. Nimekiwaza miaka mingi nikiwa Birmingham, kwenye mabaridi haya, na bado nasema hakina kitu. Mchanga, vichaka, magamba ya kaa, kivuli cha kutosha watu kumi. Tukakusanya mawe matatu ya jiko tukayapanga. Sufuria hatuna, kuni hatuna, mchele hatuna. Tukakaa tukalitazama jiko letu.

"Meno yako nilikuwa wa kwanza kuyaona," mama akasema. Hakuwa akinitazama. "Nikanyamaza siku kumi. Ukicheka nakufunika kwa kanga, najifanya nakufuta denda. Siku ya kumi na moja ukamng'ata Bibi yako kidole."

Nilicheka. Naye akacheka. Katika mambo yote niliyofanya maishani, hilo la kidole ndilo pekee nililolifanya bila kukusudia ninalolionea fahari.

Mashua ilifika mchana maji yaliporudi, abiria wameiva kwa jua na hasira. Njaa iliwasahaulisha matusi. Mama akapika, wakala, wakamsifu kwa midomo iliyojaa. Mimi nilikula pilau yenyewe. Ukoko nikamwachia anayeutaka.

Kisha ikafika saa ya kurudi. Maji yamejaa mpaka kwenye vichaka, njia ya pweza imezama, hakuna miguu tena. Kina mama wakapanda. Nahodha Bakari akasimama omoni, mbele kabisa, akaninyooshea kidole.

"Huyu je?"

Bi Mkubwa anahesabu tasbihi. Nilimtazama mama na nikajua, kama mtoto anavyojua, kwamba hapa ndipo. Asubuhi alikuwa ameshuka, na kushuka ni kitu kimoja. Akiondoka sasa na hao, nitabaki kwenye kisiwa hiki na mawe matatu, na akirudi kesho kunichukua nitakuwa nimeshaamini mwenyewe kuwa mimi ni mkosi. Watoto wengi wameamini kwa kidogo kuliko hicho.

Mama akaninyanyua. Akaniweka pale pale omoni, miguu miwili, kwenye ubao ule ule uliofukizwa.

"Asubuhi kilikwama bila yeye," akasema. "Tuone jioni kitafanya nini naye."

Akapanda, akakaa nyuma yangu, magoti yake yakanishika mbavu huku na huku. Nahodha Bakari alifungua mdomo. Akayatazama maji. Asubuhi ile alikuwa amejifunza kwamba kubishana juu ya meno kunakula maji, na sidhani alikuwa tayari kujifunza mara mbili kwa siku moja. Akaufunga mdomo. Akapandisha tanga.

Tulikwenda vizuri tu. Upepo wa kawaida, bahari ya kawaida, jua lingali juu tulipoteremka. Mimi mwenyewe nilisikitika kidogo. Nilitegemea kitu.

Mkidhani hapo ndipo waliposema kumbe tulikosea, basi watu hamwajui. Mtaani ilisemwa kwamba kigego aligusa chombo kwa mguu mmoja na chombo kikakwama, na jioni kilisalimika kwa sababu kilifukizwa asubuhi. Ikasemwa Bi Mkubwa aliona mbele. Mpaka alipokufa walimsifu kwa siku ile. Hakuna aliyesema, hata mmoja, hata Nahodha Bakari aliyejua bahari kuliko wote, kwamba chombo kilikwama kwa sababu watu wazima walisimama pwani wakisubiri ubani huku maji yakiondoka. Utabiri uliotimia kweli ulikuwa wangu. Mimi ndiye niliyesema maji yanakwenda.

Baadaye niliolewa na baharia, nikaja huku kwa meli ya chuma, na sikuzamisha kitu. Yeye akafanya kazi kiwanda cha magari Longbridge mpaka kikafungwa. Kufungwa kwake pia, nawahakikishia, si mimi.

Juzi nilimpigia Mwanaidi. Nilikuwa nimejipanga. Nilitaka kumwambia yote haya niliyoandika hapa, moja baada ya jingine, nimmalize.

"Siku ya Kasa unaikumbuka?"

"Naikumbuka."

"Basi unajua kilikwama kwa ajili ya ubani."

"Mimi ubani siukumbuki, Dada," akasema. "Nakumbuka Mama alishuka akaenda na wewe. Mimi akaniacha kwenye chombo kilicholala, na watu wamenuna. Nililia mpaka nikatapika mkate."

Nikakaa na simu sikioni. Nje basi limepita, madirisha yametetemeka. Miaka sitini na zaidi nimekuwa nikimkumbuka aliyeshuka kwa ajili yangu, na mkate uliopungwa nimeukumbuka, na sikumkumbuka hata mara moja aliyebaki na mkate huo mkononi.

"Upo?" akauliza.

"Nipo. Sikiliza. Siku hiyo hukai pwani na mtoto. Unapanda na sisi."

"Mimi? Na magoti haya?"

"Yangu ndiyo mazima? Wameweka mito. Amina nitampakata mimi, omoni. Wewe utakaa ubavuni kwangu."

"Na kikikwama?"

"Kikikwama kwenye fungu ndipo wanapotandika jamvi. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kukwama hapo, Mwanaidi. Wanakula na kupiga picha."

Kisha nikamsikia anacheka, kicheko kile kile cha mtoto wa miaka mitano, cha puani.

Salma nimemwambia asiahirishe kitu, na mtoto haachwi na mtu. Nimempa sharti moja tu. Nahodha akisema saa moja asubuhi, ni saa moja. Atakayetuchelewesha kwa sababu ya meno ya mtu, huyo ndiye abaki pwani, na ukoko hatumletei.